Tope la vyoo na maganda ya kahawa

Utotoni kwetu Mbozi msimu wa kahawa tuliujua kwa pua kabla ya macho. Maganda ya kahawa iliyomenywa yalirundikwa kando ya kijito, yakachacha, na maji yakabadilika rangi hata ng'ombe wakayakataa. Juma lililopita nilikuwa Tunduma, nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, likapita gari la kunyonya vyoo. Nikayakumbuka yale maganda. Kwingine duniani kero hizi mbili zilikwisha kuozeshwa pamoja, zikatoa gesi.

Kinyesi, uniwie radhi kama uko mezani, ni chakula kilichokwisha kuliwa. Nguvu yake nyingi imebaki kwa mlaji, kwa hiyo tope la vyoo peke yake hutoa gesi kidogo. Mabaki ya viwanda vya chakula yana nguvu tele, lakini yakifungiwa pasipo hewa huchachuka upesi, na vijidudu vinavyotengeneza gesi hudhoofika. Ukivichanganya, tope huleta vijidudu na kupunguza ukali wa uchachu, mabaki huleta lishe.

Huko Oakland, Marekani, faida hii ilitokana na hasara. Viwanda vya kusindika matunda vilifungwa, matangi ya majitaka yakabaki na nafasi. Kuanzia mwaka 2002 wakapokea mabaki kwa malori, na kufikia 2012 mtambo ulizalisha umeme mwingi kuliko uliotumia.

Kwetu historia ilianzia zizini. SIDO ilianza kujenga mitambo ya pipa linaloelea, kwa mfano wa India, mwaka 1975. Baadaye CAMARTEC ya Arusha, ikisaidiwa na Wajerumani, ikaeneza ile ya kuba. Ilikuwa kazi njema, ila ilimtaka mtu awe na ng'ombe; mpangaji wa mjini akaachiwa mkaa wake. Miaka ya 1990 ukaja mpango wa Takagas, wa kuzalisha umeme kwa taka za Dar es Salaam na za viwanda vyake. Ukaacha wataalamu, haukuacha mtambo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha kwamba makapi ya mkonge yakichanganywa na mabaki ya samaki hutoa methani zaidi, kwa asilimia 59 hadi 94, kuliko kila kimoja peke yake. Mwaka 2008 mtambo wa mkonge ukazinduliwa Hale, Tanga.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016. Kahawa ya Mbozi, pumba za mashine za mahindi na vyoo vya Tunduma viko kwenye barabara moja. Kahawa ni ya miezi michache, kwa hiyo pumba na taka za soko ndizo zingelisha tangi msimu ukiisha. Lakini pumba zina wenyewe, wafugaji hununua, na hapo hesabu ndipo inapokuwa ngumu.

Nilimuuliza dereva wa lile gari anakwenda kumwaga wapi. Akacheka, akapandisha kioo.