Rekodi ya Konserto ya Fidla ya Elgar (1932)

Rekodi ya Konserto ya Fidla ya Elgar ya mwaka 1932 ni rekodi ya santuri iliyofanyika London, Uingereza, tarehe 14 na 15 Julai 1932. Mpiga fidla alikuwa Yehudi Menuhin, mzaliwa wa New York, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Mtunzi mwenyewe, Edward Elgar, aliyekuwa na miaka 75, aliongoza London Symphony Orchestra.

Historia

Elgar alikamilisha konserto hiyo (Opus 61) mwaka 1910. Ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza London tarehe 10 Novemba mwaka huohuo na Fritz Kreisler, ambaye ndiye aliyetunukiwa kazi hiyo. Hata hivyo Kreisler hakuirekodi kamwe.

Mwaka 1916 Elgar aliirekodi pamoja na mpiga fidla Marie Hall. Wakati ule hapakuwa na maikrofoni: sauti iliingia katika pembe kubwa na kutikisa sindano iliyochora mistari kwenye nta. Upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika nne tu, hivyo muziki ulikatwa sana. Karibu na mwisho wa kazi, fidla hupiga peke yake huku vinanda vya nyuzi vya okestra vikichezwa taratibu sana kwa ncha za vidole. Pembe haikuweza kunasa sauti nyororo kama hiyo, kwa hiyo Elgar aliongeza kinubi.

Kurekodi kwa umeme kulianza mwaka 1925. Mwaka 1929 Albert Sammons aliirekodi konserto nzima, akiongozwa na Henry Wood.

Kurekodiwa

Fred Gaisberg wa kampuni ya HMV alitaka kuhifadhi kazi hiyo ikiongozwa na mtunzi kabla hajafariki, akamchagua Menuhin. Menuhin alisimulia baadaye kwamba alipomwendea Elgar kwa mazoezi, akisindikizwa kwa piano na Ivor Newton, mzee huyo alisikiliza kidogo tu, akaridhika, kisha akaenda kutazama mbio za farasi.

Kazi ilifanyika katika studio za Abbey Road, zilizofunguliwa Novemba 1931. Muziki, ambao ni wa takriban dakika 50, ulitolewa kwenye santuri sita. Siku hizo hapakuwa na njia ya kukata na kuunganisha vipande: kosa likitokea, upande mzima ulipigwa upya.

Umuhimu

Elgar alifariki tarehe 23 Februari 1934, chini ya miaka miwili baadaye. Hivyo rekodi hii ndiyo pekee ya konserto nzima inayoonyesha kasi na mkazo aliotaka mtunzi, mambo ambayo nota zilizoandikwa haziwezi kueleza yote. Lakini si sheria kwa wapigaji wengine. Sammons kabla yake, na Jascha Heifetz mwaka 1949, waliipiga kwa haraka zaidi, nao pia husifiwa. Tena Elgar wa mwaka 1932 alikuwa mzee kuliko yule aliyeitunga kazi hiyo miaka 22 nyuma.

Menuhin aliirekodi tena miaka ya 1960, akiongozwa na Adrian Boult. Rekodi ya ujanani imetolewa upya mara nyingi, kwanza kwenye santuri za muda mrefu, kisha kwenye CD.