Mkomazi, Nyika Iliyo Nyuma ya Usambara

Msafiri aondokaye Mombo kuelekea Same huwa na milima mkono wake wa kulia, kwanza ya Usambara na kisha ya Pare, na aghalabu huimaliza safari yake asijue kwamba nyuma ya majabali hayo imetandazwa nyika yenye kilomita za mraba 3,245, ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Apandaye hadi Mtae ndiye huiona yote chini yake, kavu na ya rangi ya kutu, ilhali yeye mwenyewe amesimama penye ukungu. Kwani pepo za Bahari ya Hindi huimwaga mvua yao juu ya misitu ya Usambara, hata zishukapo ng'ambo hazina tena cha kutoa. Kwa sababu hiyo nyika ile imekuwa makazi ya wanyama waliozoea kiu: choroa, tandala mdogo, na swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma ayafikie majani ya juu. Tembo nao huingia kutoka Tsavo wakati wa mvua na kurejea Kenya kiangazi, kama walivyofanya kabla ya mpaka kuchorwa.

Serikali ya kikoloni ilipoifanya Mkomazi pori la akiba mwaka 1951, baadhi ya wafugaji wa Kiparakuyo waliruhusiwa kubaki na ng'ombe wao. Miaka ilipita, mifugo ikazidi, majangili wakawamaliza faru weusi, na mwaka 1988 wafugaji wote wakaamriwa kuhama. Shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Rufani, wala hawakurudishwa. Mwaka mmoja baada ya amri hiyo ya kuhama alikuja mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyekuwa msaidizi wa George Adamson, mlezi wa simba, huko Kora nchini Kenya, akashiriki kufungua barabara, kuzalisha mbwa mwitu na kujenga boma la faru, ambamo faru wa kwanza kutoka Afrika Kusini waliingia mwaka 1997. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilitangazwa rasmi mwaka 2008.

Kurudi kwa faru ni jambo la fahari, nami nalisifu kwa moyo wote. Lakini tarikhi ya Mkomazi isiyowataja waliohamishwa ni nusu ya tarikhi. Nawasihi walimu wa Same, Lushoto na Mkinga wawatume wanafunzi kwa wazee waliochunga humo, wayaandike majina ya visima na malisho yao maadamu wazee hao wangali hai.