Na mimi niko wapi mu foto?

Nianze na haya yangu.

Wakati wa kuandika memwari, nilipiga foto nyingi sana mu mashamba ya Walungu: vilima, ukungu wa asubuhi, mihogo ya kijani kabisa (nilikuwa nachagua ile yenye haina mozaiki, sisi ba-agronomi tunajua kujidanganya vizuri). Zilipendwa sana ku Facebook. Siku moja nikaonyesha mama mwenye shamba. Akapitisha moja, ya pili, ya tatu, pole pole. Akaniuliza: «Mutoto wangu, na mimi niko wapi?»

Nilikosa jibu. Kila mara mbele ya kupiga, nilikuwa namuomba asogee kando juu asizibe kilima.

Lile swali lilinipeleka mbali, mpaka Baringa, kule Equateur ya zamani.

Mbele ya 1888, kupiga foto ilikuwa kazi ya mafundi: sanduku zito, vioo, dawa. Mwaka ule George Eastman akatoa kodak ya filmu. Mu 1900 ikafuata Brownie, ya dola 1 tu. Watu wa kawaida wakaanza kubeba apareyi kila pahali, na bazungu wenye kuja kwetu pia. Wengi walipiga vyenye sisi tunapiga leo: mito, nyumba za majani, wamama na vikapu.

Alice Seeley Harris, mumisionere Mwingereza, alifika Kongo mu 1898 pamoja na bwana yake John. Hakuwa fundi wa foto. Tarehe 14 Mei 1904, mwanaume mumoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, akafika ku misioni ya Baringa na kifurushi kidogo cha majani. Ndani mulikuwa mukono na muguu wa binti yake Boali, mutoto wa miaka kama 5. Walinzi wa kampuni ABIR walikuwa wamemuua pamoja na mama yake, juu kijiji hakikutimiza mpira wenye ulidaiwa. Alice akamuomba Nsala akae ku baraza, vile viungo mbele yake. Akapiga.

Ukiiona ile foto, ni baraza, mutu amekaa, wengine nyuma wanaangalia. Haina kelele yoyote. Unahitaji kusogea karibu ndipo uelewe yeye anaangalia nini.

Niongeze kidogo kama mutu wa kilimo. Ule mpira haukutoka ku mashamba ya hevea. Ulitoka ku mimea ya pori yenye kupanda miti kama kamba, Landolphia. Watu walipolazimishwa kutoa mingi, waliikata kabisa, ikakufa, na kesho yake wakapaswa kuingia mbali zaidi mu pori. Wakati huo nani analima? Wamama wengine walishikwa mateka mpaka bwana zao walete kilo. Mashamba yakabaki majani, njaa ikaingia. Bila hayo, picha ya pori la Equateur ni pori zuri tu.

Ile foto ilitoka mu kitabu cha E. D. Morel mwaka ule ule wa 1904. Kisha Alice na John wakazunguka Uingereza na Marekani, wakaonyesha foto kwa taa ukutani, ndani ya makanisa na masalle. Mark Twain, mu kitabu chake cha 1905, akamfanya Leopold II mwenyewe alalamike kama kodak ndiyo shahidi mumoja tu mwenye alishindwa kuhonga. Mu 1908 mufalme akaachilia Kongo, ikakuwa koloni ya Ubelgiji. Foto peke yake haikufanya ile kazi, lakini ilisaidia sana.

Kuna kitu bado kinanisumbua. Wale watu wa London walilia juu ya Nsala, lakini hawakumusikia yeye mwenyewe. Aliyesema ni Harris. Hata hivyo, Alice aliandika jina lake na la kijiji chake. Mu foto zangu za Walungu, niliandika «manioc, parcelle 3».

Mwezi uliopita nilirudia kule. Nikamuambia mama naomba nimupige, katikati ya shamba lake. Akaangalia matope ku miguu yake, akasema ningoje kwanza avae kikwembe kingine.

Nikangoja. Alipotoka, ukungu ulikuwa umeisha, jua kali kabisa, na mihogo ya nyuma yake yote ilikuwa na mozaiki.