Mtungi wa gesi umefunikwa leso, kuni zaendelea kuwaka

Mamangu amepika kwa kuni tangu alipoolewa, katika banda la makuti nyuma ya nyumba yetu mashambani Kwale. Mafiga matatu, makumbi ya nazi ya kuwashia, kisha kuni. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na kikohozi chake cha alfajiri tulikizoea kama tulivyozoea jogoo.

Leo najua kikohozi kile kilitoka wapi. Moshi wa kuni hubeba chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Huleta nimonia kwa watoto, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu, na huongeza hatari ya mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Wanaouvuta zaidi ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake.

Makaa hayana moshi mwingi, ndiyo maana tunayaamini. Lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu. Usiingize jiko la makaa chumba cha kulala usiku wa mvua ukafunga mlango. Watu hulala wasiamke.

Kisha kuna muda. Mzigo wa kuni ni saa kadhaa za mama au za binti anayepaswa kuwa na kitabu mkononi. Na kuni zikiwa mbali, macho huelekea misitu ya kaya, ile iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008.

Basi nikamnunulia mama mtungi wa kilo 6. Niliporudi baada ya miezi miwili niliukuta umefunikwa leso, unangoja wageni wa chai! Nilikasirika, kisha nikamsikiliza. Kuni huokotwa, au hununuliwa fungu moja kwa pesa za leo. Gesi yataka pesa zote kwa pamoja, na mtungi hubebwa kwa bodaboda hadi dukani. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulirudishwa kwenye gesi Julai 2021, ukapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na 2023 ukaondolewa. Ni jambo jema, ila kwangu mimi kikwazo cha kijijini si kununua mtungi wa kwanza, ni kuujaza wa pili na wa tatu. Gesi ya mita, inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ingefaa sana, lakini mimi nimeiona mijini tu. Wenye ng'ombe wawili watatu zizini wanaweza kupikia gesi ya samadi.

Mama pia aliogopa mlipuko, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango, usiwashe kiberiti wala taa. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto.

Siku hizi chai na mboga hupikwa kwa gesi. Maharagwe bado ni kuni, ila tumeyahamishia nje, chini ya mwembe. Kikohozi cha alfajiri kimepungua. Hakijaisha.