Mchezo wa Bunduki: Speke katika Usui na Karagwe

Aghalabu mtu akitajiwa michezo ya Waingereza, mawazo yake hukimbilia mpira wa miguu, nao kwa hakika ndio uliotuteka. Kwani tangu mwaka 1926, Kenya na Uganda zilipoanza kushindania Kombe la Gossage, hata mwaka 1945, Tanganyika ilipoingia katika mashindano hayo, kandanda ilikuwa imekwisha kuwa mali yetu, na leo mtu wa Bisibo wilayani Biharamulo aendaye Bukoba kutazama mechi katika uwanja wa Kaitaba hafikiri hata kidogo kwamba anatazama mchezo wa wageni. Lakini mchezo wa Kiingereza uliotangulia kufika katika nchi hizi za magharibi ya Nyanza haukuwa wa mpira, ulikuwa wa bunduki. Nao ulikuja na John Hanning Speke, zaidi ya nusu karne kabla Waingereza hawajashika utawala wa huku. Kandanda ilikuja na kanuni zake zikabaki uwanjani, ilhali uwindaji ulikuja na kanuni ambazo baadaye ziligeuka kuwa sheria ya nchi.

Speke alizaliwa mwaka 1827 katika jamaa ya wenye mashamba, kusini-magharibi ya Uingereza, na mwaka 1844, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia katika jeshi la Bengal nchini India. Kila alipopewa ruhusa ya mapumziko alipanda milima ya Himalaya hata akaingia Tibeti, akiwinda na kukusanya ngozi na pembe, na nia yake ya awali ya kuja Afrika ilikuwa iyo hiyo. Kwa watu wa tabaka yake kuwinda hakukuwa njia ya kupata kitoweo, bali kulikuwa chuo cha malezi, ambamo kijana alifunzwa kustahimili baridi na njaa, kulenga shabaha, na kumpa mnyama nafasi ya kujiokoa, kwani kumnasa kwa hila kulihesabiwa kuwa ni kukosa murua. Wala si kila Mwingereza aliyeruhusiwa kuingia katika chuo hicho. Tangu mwaka 1671 sheria ya kwao ilimpa haki ya kuwinda mwenye mali na cheo, na mkulima aliyekutwa na sungura wa mwituni aliadhibiwa, hata sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1831, Speke mwenyewe akiwa mtoto wa miaka minne.

Alipokwisha kuliona ziwa Nyanza kutoka Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alirudi kwao kutafuta fedha, kisha mwaka 1860 akaondoka tena Zanzibar pamoja na James Augustus Grant, rafiki yake wa tangu India, wakifuatana na watu wa pwani na wa bara, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila ya ulimi wake na busara yake safari ile isingalifika mbali. Mwaka uliofuata msafara uliingia Usui, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo wilayani Biharamulo, ikipakana na Ngara, nayo wakati huo ilikuwa chini ya mtawala ambaye Speke ameandika jina lake Suwarora. Huko bunduki haikumpatia mgeni heshima yoyote. Alitakiwa kulipa hongo ya nguo, waya na ushanga, akajadiliana siku nyingi na wajumbe wa mtawala, akasumbuliwa na wezi wa usiku, na mwishowe akaondoka bila ya kuonana na mwenye nchi uso kwa uso. Katika maandishi yake amelalamika sana juu ya mambo haya. Lakini msomaji mwenye insafu ataona kwamba hongo ilikuwa ni haki ya mwenye njia, na kwamba mtu aliyelelewa katika nchi ambamo kuokota sungura katika shamba la bwana kulikuwa kosa hakustahili kustaajabu kuona kwamba ardhi ya Usui nayo ilikuwa na mwenyewe.

Mambo yaligeuka alipovuka kuingia Karagwe mwezi wa Novemba 1861. Rumanyika, mwana wa Ndagara, ambaye husimuliwa kwamba katika kushindania ufalme na ndugu zake ndiye peke yake aliyeweza kuiinua ngoma ndogo ya utawala, aliwapokea wageni kwa taadhima kubwa katika makao yake ya Bweranyange, akawapa chakula bila ya kudai hongo, akakaa nao kuwauliza habari za dunia. Chini ya vilima vya huko palikuwa na ziwa dogo, ambalo wageni waliliita Windermere kwa kufananisha na ziwa la kwao, na kando yake Speke alikwenda kuwinda vifaru. Akaua watatu, akamletea mfalme vichwa vyao. Rumanyika alishangaa mno, akasema kwamba jambo lile halikuweza kufanywa kwa baruti peke yake, maana Waarabu waliokuwa na bunduki, na hata nduguye Nnanaji aliyejisifu kwa shabaha, hawakuwahi kulitimiza.

Katika ushangao huo wawili hao walikutana bila ya kufahamiana. Speke aliona amecheza vema na kumheshimu mwenyeji wake kwa tuzo ya mchezo. Rumanyika, ambaye utawala wake ulithibitishwa na ngoma isiyoinuliwa na mwingine, aliona dalili ya nguvu iliyofichika katika mkono wa mgeni. Mwezi wa Februari 1862, katika baraza la Mutesa wa Buganda, maana hiyo ya pili ilijidhihirisha kwa namna ya kuogofya. Kwani Speke alipokwisha kuwapiga ng'ombe wanne kwa bastola ili kuonyesha ustadi, Kabaka alimpa mtumishi mmoja kijana bunduki akajaribu kumpiga mtu uani, na kijana akarudi amefurahi kwamba imefanya kazi. Bunduki ya mchezo, ikiisha kutolewa mkononi mwa mchezaji, haikujua tena kwamba ni ya mchezo.

Speke mwenyewe alikufa kwa bunduki ya mchezo. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliokuwa umepangwa mjini Bath baina yake na Richard Burton, mwenzake wa safari ya kwanza, juu ya chanzo cha mto Nile, alikwenda kuwinda kwale katika mashamba ya jamaa yake, na alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe risasi ikamwingia kifuani. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Lakini kanuni za mchezo hazikufa naye. Mwezi wa Mei 1900 wajumbe wa dola za Ulaya zilizotawala Afrika walikutana London wakaafikiana juu ya kuhifadhi wanyama, na miongoni mwa waliyokubaliana kuyawekea mipaka ni matumizi ya nyavu na mashimo. Mwaka 1921 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika nayo ikatunga sheria yake ya wanyama, yenye leseni na malipo. Hapana shaka kwamba wanyama walihitaji kinga, hasa baada ya biashara ya pembe. Ila nyavu, mashimo na mbwa ndizo zilizokuwa zana za wawindaji wa nchi hizi, ambao waliwinda kwa pamoja, wakagawana nyama kwa ada, aliyetangulia kujeruhi akipata fungu lake na mtawala akipelekewa pembe na ngozi ya chui. Kwa Mwingereza uungwana wa uwindaji ulikuwa katika namna ya kuua. Kwa mtu wa Usui ulikuwa katika namna ya kugawa. Sheria iliupokea uungwana wa kwanza, ikauacha wa pili, na hivyo mkulima wa Biharamulo akafanana na yule mkulima wa Uingereza wa kabla ya mwaka 1831.

Leo mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozinduliwa mwaka 2019, na mwaka huo huo hifadhi nyingine ya Karagwe ilipewa jina la Rumanyika. Na ng'ambo ya mpaka, katika hifadhi ya Akagera, Rwanda ilirudisha vifaru weusi 18 mwaka 2017. Kuwinda kumekatazwa humo kwa mgeni na mwenyeji sawasawa, na hilo ni jema. Yaliyobaki ni suala la mgao: ikiwa mali ya pori, ambayo sasa ni fedha za watalii badala ya nyama, haitagawanywa kwa ada inayofahamika na watu wanaoishi mpakani mwake, basi tutakuwa tumeurithi mchezo wa Speke pamoja na ila yake, tukiwa na kanuni nzuri za kumtendea mnyama na tusiwe na kanuni yoyote ya kumtendea jirani yake.