Kiegemeo cha kichwa (gari)

Kiegemeo cha kichwa ni sehemu ya juu ya kiti cha gari inayozuia kichwa kurushwa nyuma gari linapogongwa kutoka nyuma. Katika ajali ya namna hiyo, kiti husukuma kiwiliwili mbele ghafla huku kichwa kikichelewa. Shingo hujipinda kama herufi S, kisha kichwa hutupwa mbele. Misuli na kano huumia hata kwa mwendo mdogo, na mara nyingi maumivu huanza saa kadhaa baadaye.

Marekani iliagiza magari mapya madogo yawe na viegemeo kwenye viti vya mbele kuanzia Januari 1969. Mwaka 1997 Saab ilileta kiegemeo kinachosogea chenyewe kukifuata kichwa. Mwaka 1998 Volvo ikaleta kiti kinachorudi nyuma pamoja na mwili ili kupunguza pigo.

Ufundi wote huo haufai kitu kiegemeo kikiachwa chini, usawa wa shingo. Kinapaswa kupita masikio, na pengo kati yake na kisogo lisizidi sentimita 10. Mkanda nao huushikilia mwili kitini.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kama kwingineko Tanzania, magari mengi ni yaliyokwishatumika Japani. Viti vya ziada vinavyochomelewa ndani ya Hiace za abiria mara nyingi havina viegemeo. Hiyo ni kasoro ya usalama, si ya starehe. Dereva, pandisha viegemeo kabla ya kuondoka.