Malaria iliyopanda kichwani huacha alama darasani

MTOTO aliyelazwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu kwa malaria kali, kisha akarejea nyumbani akitembea na kucheza, huhesabiwa kuwa amepona. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika Afrika Mashariki zimebainisha kuwa baadhi ya watoto hao hubaki na athari katika ubongo, na athari hizo hujitokeza zaidi pale wanapoanza masomo.

Hali hiyo huwachanganya wazazi na walimu. Mtoto anazungumza vizuri, lakini akitumwa vitu vitatu dukani hurudi na kimoja. Darasani anaanza kunakili sentensi ubaoni na kuiachia katikati. Wengi huitwa wavivu au watukutu, na wapo wanaochapwa kwa kosa lisilo lao.

Ubongo unavyojeruhiwa

Malaria ya ubongo, ambayo wengi huieleza kuwa ni malaria iliyopanda kichwani, husababishwa zaidi na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Chembe nyekundu za damu zilizovamiwa na kimelea hicho hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu kupita ipasavyo. Ubongo huweza kuvimba, na mtoto hupoteza fahamu.

Madhara huongezeka pale mtoto anapopata degedege mara kwa mara au sukari inaposhuka katika damu, kwa kuwa ubongo hutegemea sukari hiyo kufanya kazi. Kadiri mtoto anavyokaa muda mrefu bila fahamu, ndivyo hatari ya kubaki na matatizo ya kufikiri na kujifunza inavyozidi.

Malaria siyo chanzo pekee. Homa ya uti wa mgongo, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya watoto wachanga na ajali za kichwani pia huweza kuuathiri ubongo unaokua.

Matokeo ya Kampala na Kilifi

Katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliougua malaria ya ubongo na kuwalinganisha na wenzao wa jamii ileile. Miezi 6 baada ya kuugua, asilimia 21.4 walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la kumbukumbu, umakini au kujifunza, dhidi ya asilimia 5.8 ya wenzao.

Walipopimwa tena miaka 2 baada ya ugonjwa, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, upungufu ulikutwa kwa asilimia 26.3, yaani zaidi ya mtoto mmoja kati ya wanne. Kwa wenzao wa jamii hiyo ilikuwa asilimia 7.6.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti nao walikuta kifafa na matatizo ya lugha kuwa mengi zaidi kwa watoto waliowahi kuugua malaria ya aina hiyo.

Kwa nini huonekana baadaye

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ubongo wa mtoto, kwa kuwa bado ni mlaini, hupona kwa urahisi kuliko wa mtu mzima. Imani hiyo ilipewa nguvu na kazi za Margaret Kennard wa Marekani, aliyechunguza nyani katika miaka ya 1930. Baadaye Donald Hebb wa Kanada alieleza kuwa jeraha la mapema huweza kuwa na madhara makubwa zaidi, kwa sababu linazuia uwezo ambao mtoto bado hajaujenga.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kujizuia na kushika jambo akilini huku ukilitumia, huendelea kukomaa hadi baada ya umri wa miaka 20. Mtoto wa miaka 3 hadaiwi kazi hizo, hivyo kasoro haionekani. Akifika darasa la tatu au la nne, akakutana na hesabu za mafumbo zenye hatua kadhaa, ndipo pengo hujitokeza.

Hatua za kuchukua

Kinga ya kwanza ni kuwahi. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, yakiwamo ya Pwani, degedege imekuwa ikihusishwa na nguvu za kishirikina, na wapo walioamini kuwa sindano humuua mtoto mwenye hali hiyo. Muda unaopotea kwa mganga ndio ambao ubongo unaendelea kuumia.

Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na apelekwe hospitali mara moja. Sindano ya artesuneti, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wenye malaria kali mwaka 2011, imethibitika kuokoa maisha zaidi kuliko kwinini. Vyandarua na chanjo za malaria, ambazo shirika hilo lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023, hupunguza uwezekano wa kufikia hatua hiyo.

Kwa mtoto ambaye tayari ameathirika, mwalimu anaweza kumketisha mbele, kumpa maagizo mafupi moja baada ya jingine, kumrudishia somo mara kwa mara na kumwongezea muda wa kumaliza kazi. Nchini Uganda, watoto waliowahi kuugua walipewa mazoezi ya akili kwa kompyuta, vipindi 16 katika wiki 8, na baadhi ya uwezo wao uliongezeka, ingawa alama za masomo hazikupanda kwa kiwango hichohicho.

Lakini msaada huo hauwezi kuanza iwapo shule haijui kilichotokea. Mzazi anayemwandikisha mtoto darasa la kwanza hana budi kumweleza mwalimu kuwa mtoto aliwahi kulazwa akiwa hana fahamu, hata kama ni miaka mingi iliyopita na hata kama anaonekana mzima. Taarifa hiyo fupi ndiyo inayoweza kumwepusha mtoto na kiboko na kumpatia mafunzo anayostahili.